Alamu Ikilia, Mzungu Anasema "Went Off"

Mchukue kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Mtwara, mwambie akupe Kiingereza cha kuzima moto. Atakuandikia "extinguish", na hata herufi moja haitakosewa. Kuahirisha? "Postpone". Kuvumilia? "Tolerate". Kuchunguza? "Investigate". Maneno marefu anayo, tena ya kutosha. Sasa kijana huyohuyo apate kibarua kwenye eneo lenye mitambo ya gesi, awe na sigara mkononi, aje msimamizi mgeni amfokee "put it out!" Kijana wetu anajua "put" ni kuweka, na "out" ni nje. Kwa hiyo, kwa adabu kabisa, ataitoa sigara nje ikiwa inawaka.

Hapo ndipo Kiingereza chetu cha shule kinapogota. Tunafundishwa lugha ya mitihani, na mitihani inapenda maneno yenye asili ya Kilatini na Kifaransa. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066 walikuja na Kifaransa chao, na kwa muda mrefu mahakama, kanisa na mabwana wakubwa walijiendeshea mambo yao kwa Kifaransa na Kilatini. Mkulima na mpishi walibaki na vitenzi vyao vifupi: put, get, take, turn, hold, go. Wakavitumikisha vitenzi hivyo hivyo kwa kila kazi, kwa kuvifungia neno dogo nyuma. Ndiyo maana mpaka leo mtungi mwekundu ukutani umeandikwa "extinguisher", lakini anayekimbia nao kuelekea kwenye moto anapiga kelele "put it out".

Wenyewe wanaviita "phrasal verbs". Mimi darasani naviita vitenzi vya maneno mawili, na kila mtu ananielewa. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi kubwa ya lugha yake mwaka 1755, aliandika kwenye utangulizi wake kwamba hakuna kitu kitakachowatesa wageni kama vitenzi hivi. Nawasomea wanafunzi habari hiyo siku ya kwanza ili wasijione wajinga. Kama aliyetunga kamusi alituonea huruma miaka yote hiyo iliyopita, sisi ni nani hata tuvione mara moja vikatuelea?

Wanafunzi wangu ni watu wazima wa jioni: walinzi, madereva, mabinti wa mapokezi wa hoteli za Shangani, vijana wa kliaringi wanaoshughulikia mizigo bandarini, na mama mmoja mwenye ghala lake ambaye anazidi akili darasa zima. Wengi wanakuja na orodha walizopakua kwenye simu: vitenzi mia vya "get", vitenzi mia vya "take". Orodha hizo siziungi mkono. Ukikariri "get up, get on, get off, get over, get by" kwa mkupuo mmoja, asubuhi umebaki na "get" peke yake. Kitu cha kukamata ni hili: neno dogo la mwisho linakwambia kitu kimeishia wapi, au kimebaki katika hali gani. Na kinachofanya jambo (au kinachofanyiwa) ndicho kinachokuamulia maana ipi ichukuliwe. Vyote viwili uvitazame kwa pamoja.

Chukua "go off". Mlinzi anatakiwa aandike kwenye daftari la zamu kilichotokea usiku. Alamu ya ghala imelia saa nane. Yeye anajua "off" ni kuzima, maana swichi zote zimeandikwa hivyo, kwa hiyo akisoma kwenye daftari la mwenzake "the alarm went off at 2 a.m." anatulia: kumbe ilizimika, hakuna shida. Maskini, maana yake ni kwamba ililia! Na bomu "went off" limelipuka. Bunduki "went off" imefyatuka. Ila taa "went off" imezimika, kama alivyodhani. Na samaki aliyeachwa juani pale feri "went off" ameharibika.

Yule mama wa ghala aliguna. "Mwalimu, hii lugha haina msimamo. Alamu inalia, taa inazimika, samaki ananuka, neno moja?"

Nikamwambia aitazame "off" kama kuondoka pale ulipokuwa. Alamu ilikuwa imetulia, imeondoka kwenye utulivu. Taa ilikuwa inawaka, imeondoka kwenye kuwaka. Samaki alikuwa mzima, ameondoka kwenye uzima. Kilichobadilika ni hali ya mwanzo ya kitu chenyewe. Ukijua alamu kwa kawaida huwa imekaa kimya, hutapotea. Akanitazama kwa jicho la mtu anayepunguziwa bei, akaandika.

Na yeye mwenyewe anafanya mambo hayohayo kila siku kwa Kiswahili bila kujua. Hama na hamia. Jirani akikuambia fulani kahama Mikindani, umtafute kwingine. Akisema kahamia Mikindani, panda gari ukamfuate hukohuko. Mdai asiyesikia vizuri ile "i" moja atabisha hodi nyumba siyo. Nuka na nukia: mpelekee bibi harusi salamu kwamba ananuka, uone kama pilau utaliona. Pakia na pakua, funga na fungua, tega na tegua. Sisi tumezika kwenye tumbo la kitenzi kile ambacho Mwingereza kakiacha nje. Mzungu anayejifunza Kiswahili naye analia na "piga": piga simu, piga pasi, piga deki, piga hodi, piga chafya. Hakuna anayepigwa hapo.

Sasa twende kwenye korosho, maana ukifundisha Mtwara usipofika kwenye korosho umefundisha hewani.

Kiswahili kinasema "kukauka" na kinatosheka. Kiingereza kina "dry off", "dry out" na "dry up", na kwa mtu wa korosho tofauti zake ni hela. Korosho zimeokotwa, zimetengwa na bibo, zimemwagwa kwenye turubai uani. Mvua ya ghafla ikazinyeshea kidogo. Ukiziacha juani kwa muda mfupi maji ya juu ya ganda yanaondoka, na ukizishika hazilowanishi mkono. Hizo "have dried off". Unyevu wa juu umeondoka, basi. Ndani hujui kuna nini. Ukizijaza kwenye gunia ukazipeleka chama cha msingi unapeleka ukungu. Korosho inayotakiwa ghalani ni ile ambayo "has dried out", ambayo unyevu wake wa ndani umetoka. Ukitikisa gunia zinagongana kwa mlio mkavu, na anayezijua hahitaji kuambiwa. "Dry up" ni habari nyingine kabisa: chanzo kimekata. Kisima "dries up", mto "dries up", hata pesa za mkopo wa pembejeo "dry up". Korosho hai-"dry up", maana korosho haitoi maji ya kuteka.

"Off", juu ya kitu. "Out", kutoka ndani. "Up", mpaka kikaisha. Ukishayaona haya matatu kwenye korosho, ukikutana na "wash off" na "wash out" nusu ya kazi imeshafanyika. Mwezi wa kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mvua ikija baada ya kupuliza, salfa iliyokuwa imeshika majani na maua "is washed off". Doa lililozama kwenye kanzu nyeupe linatakiwa "wash out". Na "use up" ni kuitumia salfa yote mpaka mfuko mtupu. Kuna kijana aliniuliza mbona basi "dry up" anaambiwa pia mtu aliyesahau maneno jukwaani. Kwani chanzo hakijakata hapo?

Naomba niseme wazi kwamba hizi kanuni zina matundu. Zinakufikisha nusu ya njia, pengine zaidi kidogo. Nusu iliyobaki ni kusikia watu wakiongea.

Vijana wa kliaringi wana shida yao. Ujumbe unaingia kutoka kwa mnunuzi wa India au Vietnam, ambaye Kiingereza chake ni cha kujifunza kama chetu, na unasema meli "has been held up" na upakiaji "put off till Thursday". Kijana mmoja alikuja darasani macho yamemtoka. Alikuwa ameona kwenye filamu "hold up" ikiwa ujambazi, mikono juu. "Ticha, meli imetekwa?" Meli imecheleweshwa tu. "Hold up" inabeba maana zote mbili, na tena kitu kinachofanyiwa ndicho kinachokuamulia: benki au duka likiwa "held up", ogopa; meli, foleni au malipo yakiwa "held up", vumilia.

Hatari kubwa zaidi kwake ni kuchanganya "put off" na "call off". Upakiaji "put off" umesogezwa mbele, magunia yabaki yalipo, vibarua warudi Alhamisi. Upakiaji "called off" umefutwa, hakuna Alhamisi wala Ijumaa. Mnada "put off" na mnada "called off" ni tofauti ya mkulima kukopa nauli ya wiki ijayo na mkulima kulia. Na usiichanganye "hold off" humo: hiyo ni kujizuia kuanza. Mnunuzi "is holding off", anasubiri bei ishuke. Mvua "held off", ilijizuia tukamaliza kuanika.

Msimu wa 2018 nautumia sana kufundishia, kwa sababu kila mtu huku anaukumbuka. Oktoba mwaka ule wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnadani. Kwa Kiingereza "they turned down the offers". Kukataa unachopewa ni "turn down", na kupunguza sauti ya redio ni "turn down" hiyohiyo, usiulize sana. Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Hapo serikali "stepped in", iliingia kati. Darasani mtu akaandika "stepped up", na hiyo ni kuongeza bidii. Mwingine akaandika "stepped down". Hapana jamani! "Step down" ni kung'atuka, alivyofanya Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Neno dogo moja na umeshamwondoa rais madarakani.

Na nia ya serikali ilikuwa "buy up", kununua mzigo wote ulioko sokoni. "Buy out" ni kununua sehemu ya mwenzako kwenye biashara, atoke ubaki mwenyewe. Tena ipo ile ndefu ya "back". Mnunuzi aliyekubali halafu akajitoa "backed out". Aliyeshikilia bei yake kisha akalegeza baada ya kubishana "backed down". Aliyeambiwa asogee pembeni asimbughudhi mtu aliambiwa "back off". Na anayekuunga mkono "backs you up". Huyu wa mwisho ndiye adimu kwenye minada.

Kwa watu wa Lindi na Mtwara nina jozi nyingine ninayoipenda: "fall through" na "fall apart". Bandari yetu ya Mtwara ina deni kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ikajengwa hapa na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea ili kuzibeba karanga hizo. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, hasara tupu. Reli nayo baadaye ikang'olewa, na mpaka leo tuna kata inaitwa Reli isiyokuwa na reli. Ukisema kwa Kiingereza mradi ule "fell through", Mwingereza atadhani haukuanza, kwamba makubaliano yaliharibika mezani. Ule ulianza, ukaleta matrekta, ukafyeka mapori, kisha ukasambaratika. Ule "fell apart". Harusi iliyovunjika kabla ya ndoa "fell through". Ndoa yenyewe "falls apart".

Ndiyo maana mtu wa Lindi akiniuliza Kiingereza cha mradi wa gesi ya kimiminika wa Likong'o, uliozungumzwa miaka nenda rudi, nampa "held up". Mradi unaocheleweshwa kwenye mazungumzo siyo "called off", na siyo "fallen through", na wala hauwezi kuwa "fallen apart" kwa kitu ambacho hakijasimama. Akitaka kuwa na matumaini kidogo aseme "put off".

Lipo kundi moja linalotisha kuliko yote, nalo ni pale neno dogo linapohamia mbele. "Look over" ni kupitia kwa macho, kukagua. "Overlook" ni kupitiwa, kutokuona au kujifanya hukuona. Bosi wa ghala akikuandikia "please look over these weights" anataka uzikague zile kilo. Wewe ukimjibu kwa adabu "yes sir, I have overlooked them", umemwambia umefumba macho. Tena kwa jinsi mizani inavyogombaniwa huku kwetu, ukiandika hivyo hakuna atakayecheka. Mabinti wa mapokezi wao wana bahati, maana chumba kinachotazama bahari "overlooks the sea" na hakuna anayelaumiwa. Madereva nao nawaachia "overtake", kulipita gari, na "take over", kushika kazi ya mwingine. Dereva aliyechoka Nangurukuru mwenzake "takes over". Asipofanya hivyo anaweza kujaribu "overtake" mahali pabaya.

Kuhusu mpangilio, sitakaa sana. Unaweza kusema "pick up the sack" au "pick the sack up", lakini ukitumia "it" lazima iingie katikati: "pick it up". Watu wanalilalamikia hili na mimi silielewi lalamiko lao, maana Kiswahili kinafanya hivyohivyo. Nililibeba: lile "li" la gunia limekaa tumboni mwa kitenzi, huwezi kulitoa likae mwisho. Ila angalia, "look after" haikubali kupasuliwa. Ni "look after it", basi. Kama neno dogo ni la kuonyesha unaelekea wapi kwa mtu au kitu, kama "after", "for" au "into", liache lishikane na kitenzi chake.

Na mara nyingine hakuna tofauti yoyote, na mwalimu anayeivumbua anawapotezea watu muda. Fomu unaweza "fill in" au "fill out". Mwingereza anapenda ya kwanza, Mmarekani ya pili, na fomu imejaa vilevile. "Fill up" ndiyo iache kwa tangi la mafuta, na "top up" iwe kwa oili iliyopungua, ambapo unaongezea tu. Hii ya mwisho kila mwenye mashine ya kupulizia salfa anatakiwa aijue, maana kwenye karatasi ya maelekezo "top up" na "fill up" hukaa jirani kabisa.

Nimalizie na ugomvi ambao haujaisha. Unaingia kwenye gari dogo "get in" na unashuka "get out". Unapanda basi, treni, ndege au meli "get on" na unashuka "get off". Kanuni ya mkononi ni kwamba ukiweza kusimama na kutembea humo ndani ni "on", na ukilazimika kuinama ukae moja kwa moja ni "in". Mtumbwi ni "in", pantoni ya Msangamkuu ni "on". Bodaboda ni "on" kwa sababu unakaa juu yake. Bajaji ni "in". Hapo wote tulikuwa pamoja.

Ndipo konda mmoja aliyekaa nyuma akauliza habari ya Hiace. Mle ndani unaingia umeinama, lakini asubuhi ikijaa wapo wanaosimama, vichwa vimelala begani. Nikasema ni "on", kwa sababu ni daladala, gari la abiria la kulipa nauli. Yule mama wa ghala akakataa kabisa. Alisema kanuni ni kusimama, na yeye katika maisha yake hajawahi kuona binadamu akisimama kwenye Hiace. Kinachofanyika mle kina jina lingine. Konda akaapa kwamba wanasimama, yeye mwenyewe husimama kutwa nzima mlangoni. Mama akamwambia huko ni kuning'inia.